Mechi Ndizo Zilizomkuza: Hotuba Kuhusu Safari ya Soka ya Yossi Benayoun

Mgeni rasmi, makocha, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioacha mazoezi ya jioni hii ili mje kusikiliza:

Waandaaji waliniomba nizungumze juu ya mchezaji aliyetoka katika ligi ndogo akaenda kucheza soka la kulipwa nje ya nchi yake. Pengine walitarajia nimchague mtu wa Afrika Magharibi, au mmoja wa vijana wetu wenyewe. Nimemchagua Yossi Benayoun wa Israeli, kiungo mshambuliaji ambaye wengi wenu mlimwona kwenye televisheni akiwa na jezi nyekundu ya Liverpool kati ya mwaka 2007 na 2010. Safari yake ina jambo tunalolihitaji sana katika mazungumzo yetu na ambalo mawakala hawana haraka ya kutueleza: huyu alipelekwa Ulaya angali mtoto, akarudi kwao kabla hajacheza hata mechi moja ya wakubwa, na miaka mitano aliyocheza kwao baada ya kurudi ndiyo iliyomfanya mchezaji.

Ninajua kwamba jina la Israeli halitajwi siku hizi bila kuamsha hisia nzito, na katika ukumbi huu wamo watu wenye misimamo mikali kuhusu vita na kuhusu Wapalestina. Siwaombi muiache misimamo hiyo mlangoni. Ninachowaomba ni kunivumilia nizungumze juu ya mpira, na pale siasa zilipougusa mpira wenyewe nitasema bila kuficha.

Nianze na mahali pa nchi hiyo katika soka, kwa sababu bila kupaelewa hatuwezi kuelewa kwa nini Benayoun alifika alikofika. Israeli iko Asia, na kwa miaka mingi ilicheza na Asia. Ilitwaa Kombe la Asia mwaka 1964, na mwaka 1970 ilifika Kombe la Dunia kule Mexico, ambako Mordechai Spiegler aliifungia bao katika sare ya 1-1 na Sweden, na ambako ilitoka 0-0 na Italia, timu iliyokuja kucheza fainali. Bao hilo la Spiegler ndilo bao pekee ambalo Israeli imewahi kufunga katika fainali za Kombe la Dunia. Mwaka 1974 iliondolewa katika Shirikisho la Soka la Asia baada ya nchi kadhaa kukataa kupangwa nayo, na tangu hapo ikawa timu isiyo na bara: mara ipangiwe mechi za kufuzu na timu za Ulaya, mara na zile za Oceania, ikisafiri nusu ya dunia kutafuta mpinzani. Ni mwaka 1994 tu ilipopokelewa kuwa mwanachama kamili wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Wakati huo Benayoun alikuwa na umri wa miaka 14.

Hesabu hiyo ya umri ina uzito wake. Wachezaji waliomtangulia walilazimika kuonekana kwa bahati. Avi Cohen alikwenda Liverpool mwaka 1979, na tarehe 3 Mei 1980, katika mechi iliyoipa Liverpool ubingwa dhidi ya Aston Villa, alijifunga mwenyewe kisha akafunga bao katika lango linalostahili, na mechi ikaisha 4-1. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei 1980, Benayoun alizaliwa. Ronny Rosenthal alifika Liverpool mwaka 1990 na kufunga mabao matatu katika mechi ya kwanza aliyoanza, dhidi ya Charlton. Baadaye Haim Revivo aling'ara Celta Vigo ya Hispania, na Eyal Berkovic alicheza Southampton, West Ham, Celtic na kwingineko. Hawa walifungua mlango kwa mabega yao. Kizazi cha Benayoun ndicho cha kwanza kukua huku klabu za kwao zikicheza mashindano ya Ulaya kila mwaka, kwa hiyo skauti wa Hispania au Uingereza hakuhitaji kupanda ndege kwenda Tel Aviv. Kijana mwenyewe alimjia, Jumatano usiku, akiwa amevaa jezi ya klabu yake.

Benayoun alizaliwa Dimona, mji wa jangwani katika Negev, ulioanzishwa miaka ya 1950 na kukaliwa kwa wingi na Wayahudi waliohamia kutoka Afrika Kaskazini, hasa Morocco, ambako ndiko asili ya familia yake. Haukuwa mji wa matajiri. Klabu kubwa iliyo karibu ni Hapoel Be'er Sheva, umbali wa kilomita zipatazo 35, na huko ndiko mtoto huyu mwembamba alikopelekwa kujifunza. Kabla ya kutimiza miaka 16 sifa zake zilikuwa zimeenea nchi nzima, na magazeti yakampa jina la Almasi ya Dimona, jina ambalo hakulivua mpaka alipostaafu.

Ndipo Ajax wa Amsterdam wakamchukua. Fikirieni Ajax ya wakati ule. Mwaka 1995 walikuwa mabingwa wa Ulaya kwa kikosi kilichojaa vijana waliolelewa katika akademi yao wenyewe, na hapakuwa na shule ya soka iliyosifiwa kuliko ile. Familia ya Benayoun ilihamia Uholanzi pamoja naye. Uwanjani alifanya vizuri na klabu ilitaka abaki kwa mkataba mrefu. Lakini nje ya uwanja mambo yalikuwa magumu: lugha ngeni, baridi, upweke, familia nzima iliyong'olewa kwa ajili ya miguu ya mtoto mmoja. Baada ya miezi michache wakarudi Dimona.

Wazazi wenzangu, hapa naomba tusimame kidogo. Kwetu sisi kijana akirudi kutoka nje kabla ya wakati anapokewa kama aliyefukuzwa. Majirani wanauliza amefanya nini, kocha wake wa zamani anampa mgongo, na mwenyewe anaanza kuamini kwamba bahati yake imekwisha akiwa na miaka 17. Benayoun angeweza kuzikwa namna hiyo. Kilichomwokoa ni kwamba aliporudi alikuta klabu iliyokuwa tayari kumpanga kikosi cha kwanza, na kocha asiyeogopa kumwachia kijana mpira katika ligi ya wakubwa.

Msimu wa 1997-98 aliichezea Hapoel Be'er Sheva na kufunga mabao 15 ya ligi. Alikuwa na miaka 17, akimaliza msimu akiwa ametimiza 18 tu. Timu ilikuwa dhaifu, na mpaka siku ya mwisho ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja. Katika mechi ile ya mwisho alipiga penalti, golikipa akaipangua, yeye akauwahi mpira uliorudi na kuusukuma wavuni. Lakini matokeo ya uwanja mwingine yakaishusha timu yake hata hivyo. Kijana wa umri huo akijifunza kubeba lawama na matumaini ya mji mzima kwa dakika 90, anajifunza kitu ambacho mechi za vijana, hata ziwe za Ajax, haziwezi kumfundisha. Huo ndio msimamo wangu na ndio moyo wa hotuba hii: mchezaji hukuzwa na mechi za ushindani anazocheza, na kijana anayekaa mahali penye jina kubwa bila mechi anazeeka bila kukomaa.

Mwaka huo huo wa 1998 alihamia Maccabi Haifa, klabu tajiri ya kaskazini, na hapo akakaa miaka minne. Msimu wake wa kwanza Haifa waliwatoa Paris Saint-Germain katika Kombe la Washindi la Ulaya, sare ya 1-1 ugenini na ushindi wa 3-2 nyumbani, wakaenda mpaka robo fainali. Mwaka 2000 alikuja kocha Avraham Grant, na kwa misimu miwili mfululizo, 2000-01 na 2001-02, wakawa mabingwa wa Israeli. Benayoun alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka 2001. Katika miaka minne aliifungia klabu hiyo mabao 55 ya ligi, idadi ambayo washambuliaji wa kati wengi wangeitamani, na yeye alikuwa kiungo.

Katika kikosi kile alikuwemo pia Mnigeria, Yakubu Aiyegbeni, ambaye alipita Israeli kabla ya kwenda kufunga mabao katika Ligi Kuu ya Uingereza kwa miaka mingi. Nalitaja hilo kwa sababu ligi ya Israeli imekuwa kwa Waafrika ngazi ya kati, na kwetu Afrika Mashariki tumeanza kuiona ngazi hiyo. Mtanzania mwenzetu Novatus Miroshi alitoka nyumbani akasajiliwa Maccabi Tel Aviv, akapelekwa kwa mkopo Beitar Tel Aviv Bat Yam, kisha akaenda Zulte Waregem ya Ubelgiji na baadaye Shakhtar Donetsk. Mganda Timothy Awany alitoka KCCA akaenda Ashdod mwaka 2019. Na Grant mwenyewe hamkosi kumjua: ndiye aliyeketi kwenye benchi la Zambia huko San Pedro, Januari 2024, Taifa Stars walipotangulia kwa bao la Simon Msuva katika Kombe la Mataifa ya Afrika na Patson Daka akasawazisha mwishoni. Dunia ya mpira ni nyembamba kuliko ramani inavyoonyesha.

Kuna jambo jingine linalompata kijana wa Israeli ambalo halimpati wa Hispania au Brazil. Akifika miaka 18 sheria inamtaka aingie jeshini. Wanamichezo wanaotambuliwa kuwa bora hupewa utaratibu wa kuendelea na mazoezi na mechi, lakini wajibu huo unabaki, na unasaidia kueleza kwa nini wengi wao huondoka kwenda nje wakiwa na miaka 21 au 22 badala ya 18. Wako wanaoona huo ni mzigo unaowachelewesha. Mimi, nikitazama upande wa mpira peke yake, naona umewalazimisha wengi kucheza mechi mia moja za wakubwa kabla ya kupanda ndege.

Benayoun aliondoka akiwa na miaka 22, kiangazi cha 2002. Aliikosa kwa msimu mmoja furaha kubwa ya klabu yake, maana muda mfupi baadaye Maccabi Haifa ikawa klabu ya kwanza ya Israeli kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, na Oktoba 2002 iliifunga Manchester United 3-0. Mechi hiyo ya "nyumbani" ilichezwa Nicosia, Cyprus, kwa sababu UEFA ilikuwa imezuia mechi za kimataifa kuchezwa Israeli kutokana na hali ya usalama wakati wa machafuko na Wapalestina. Timu ya taifa nayo ilipokea wageni wake Uturuki na Italia. Tangu Oktoba 2023 hali hiyo imerudi, na mechi nyingi za nyumbani zimechezwa Hungary mbele ya viti vitupu au vichache vyenye watu. Mchezaji wa kizazi cha Benayoun amezoea kuwa mwenyeji katika nchi ya mtu mwingine.

Alikwenda wapi? Hakwenda Real Madrid wala Barcelona. Alikwenda Racing Santander, klabu ya mji wa bandari kaskazini mwa Hispania, iliyokuwa ikihangaika kila mwaka katika nusu ya chini ya msimamo wa ligi. Uchaguzi huu nauona kuwa wa busara kuliko wote alioufanya, na ndio unaosahaulika zaidi watu wanaposimulia habari zake. Klabu za Hispania zina nafasi chache kwa wachezaji wasio raia wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo anayepewa nafasi hiyo anatakiwa acheze kila wiki au aachiwe. Benayoun alicheza. Katika misimu mitatu alifikisha mechi 101 za ligi na mabao 21, dhidi ya mabeki waliokuwa wakikabana na Raúl na Ronaldinho wiki iliyofuata. Santander ilibaki ligi kuu misimu yote mitatu. Alijifunza Kihispania, alijifunza kucheza pembeni na katikati, na alijifunza kupokea mpira akiwa amempa beki mgongo na kugeuka kwa mguso mmoja, ufundi ambao baadaye Waingereza waliushangilia wakidhani amezaliwa nao.

Mwaka 2005 West Ham United, iliyokuwa imepanda daraja tu chini ya kocha Alan Pardew, ilimnunua kwa pauni milioni 2.5. Kwa Mwisraeli, kuingia Uingereza si suala la klabu kukutaka peke yake. Kibali cha kazi kilitegemea wakati huo idadi ya mechi ulizoichezea timu yako ya taifa katika miaka ya karibuni, na kwa hiyo kijana aliyeipuuza timu ya taifa alikuwa anajifungia mlango mwenyewe. Vijana, lishikeni hilo, kwa sababu limewahi kuwakwaza wengi wa upande wetu huu wa Afrika, ambao nchi zao ziko chini katika orodha ya FIFA.

Msimu wake wa kwanza West Ham ilifika fainali ya Kombe la FA, Mei 2006, mjini Cardiff, dhidi ya Liverpool. West Ham iliongoza 2-0, kisha 3-2, mpaka Steven Gerrard alipopiga lile shuti la mbali katika dakika za nyongeza na kufanya 3-3. Liverpool ilishinda kwa mikwaju ya penalti, 3-1. Wengi hukumbuka fainali hiyo kuwa ya Gerrard, na ni haki. Mimi nimeirudia mara kwa mara kumtazama Benayoun, na ninaamini kwamba siku hiyo ndipo Rafael Benítez, kocha wa Liverpool, alipopata sababu ya kuliandika jina lake. Msimu uliofuata West Ham ilinusurika kushuka daraja siku ya mwisho kwa bao la Carlos Tevez Old Trafford, uwanja wa Manchester United, na Julai 2007 Benayoun akahamia Anfield, nyumbani kwa Liverpool, kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 5.

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu miaka mitatu ya Liverpool inaonyesha ubora wake na mipaka yake kwa wakati mmoja. Novemba 6, 2007, Liverpool iliifunga Besiktas ya Uturuki 8-0 katika Ligi ya Mabingwa, ushindi mkubwa kuliko wote uliokuwa umepatikana katika mashindano hayo mpaka siku hiyo, wiki mbili tu baada ya kufungwa na timu hiyo hiyo Istanbul. Benayoun alifunga matatu. Januari 2008, katika Kombe la FA, timu ya daraja la chini iitwayo Havant & Waterlooville ilikuja Anfield na kuongoza mara mbili; Benayoun akafunga matatu na mechi ikaisha 5-2. Septemba 2009 alifunga matatu mengine, mara hii dhidi ya Burnley katika Ligi Kuu, 4-0. Mabao matatu katika mechi moja, katika mashindano matatu tofauti na yenye hadhi hiyo, ni jambo ambalo washambuliaji wakubwa waliopita pale hawakulifanya.

Na kati ya hayo kuna Februari 25, 2009. Liverpool walikwenda Santiago Bernabéu kucheza na Real Madrid katika hatua ya 16 bora. Mechi ilikuwa ngumu na kavu. Dakika ya 82 Fábio Aurélio alipiga mpira wa adhabu kutoka kulia, na Benayoun, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa mipira ya juu, aliruka akiwa peke yake na kuuweka wavuni kwa kichwa. Ikaisha 1-0, na marudiano Anfield yakaisha 4-0. Mwezi wa Aprili alifunga bao la ushindi dhidi ya Fulham katika dakika za nyongeza, wakati Liverpool ilipokuwa ikiwania ubingwa kwa nguvu zake zote. Ilimaliza ya pili kwa pointi 86, nyuma ya Manchester United kwa pointi nne.

Lakini mtu huyu wa usiku wa Bernabéu hakuwa na uhakika wa kuanza Jumamosi iliyofuata. Benítez alikuwa na desturi ya kubadilisha kikosi, na mbele ya Benayoun walikuwemo Gerrard, Dirk Kuyt na wengine. Katika miaka mitatu alicheza mechi 134 za mashindano yote na kufunga mabao 29, na nyingi kati ya hizo mechi aliingia akitokea benchi au alitolewa kabla ya mwisho. Yeye mwenyewe hakuficha manung'uniko yake. Wapo waliosema alikuwa mwepesi mno wa mwili kwa soka la Uingereza. Sikubaliani nao. Mchezaji mwepesi asiyefaa hafungi mabao 29 akiwa nusu mwenyeji wa benchi. Alicheza vizuri zaidi pale ambapo kocha alimwacha atembee kati ya mistari, na timu nyingi za wakati ule zilipanga viungo wawili wa kukaba na winga wawili wa kukimbia, bila chumba kwa mtu wa aina yake.

Chelsea nitaipita haraka. Alikwenda huko Julai 2010, Carlo Ancelotti akiwa kocha, na miezi michache baadaye ukano wa kisigino ukamuumiza na kumweka nje kwa karibu nusu mwaka. Alikuwa na miaka 30. Mguu ulipopona, nafasi ilikuwa imekwenda. Kwa mtazamo wangu huu ndio uhamisho pekee katika maisha yake aliofuata jina la klabu kuliko mechi, na soka likamlipa kwa kadiri hiyo.

Alijinasua. Agosti 2011 Arsenal walifungwa 8-2 Old Trafford, wakaingia sokoni siku za mwisho za dirisha la usajili wakitafuta watu wazima, na Benayoun akaenda kwao kwa mkopo. Hakucheza sana mwanzoni. Kadiri msimu ulivyosonga alianza kuaminiwa, na Desemba alifunga bao la ushindi Villa Park. Siku ya mwisho ya msimu, Mei 13, 2012, Arsenal walihitaji kushinda ugenini kwa West Brom ili washike nafasi ya tatu. Benayoun alifunga la kwanza dakika za mapema kabisa na mechi ikaisha 3-2. Nafasi ya tatu waliipata kwa pointi moja mbele ya Tottenham. Wiki ile ile klabu iliyokuwa inammiliki, Chelsea, ilitwaa Ligi ya Mabingwa bila yeye. Sidhani alikuwa na la kujutia. Baadaye alirudi West Ham kwa mkopo, kisha Chelsea kwa nusu msimu, na Desemba 2013 akajiunga na Queens Park Rangers ya Harry Redknapp, iliyopanda Ligi Kuu kupitia mchujo mwaka uliofuata.

Sasa timu ya taifa, ambayo kwangu ndiyo sehemu inayoumiza. Benayoun aliichezea Israeli kwa mara ya kwanza Novemba 1998, na mara ya mwisho mwaka 2017. Mechi 102, rekodi ya nchi yake, na mabao 24. Alikuwa nahodha kwa miaka mingi. Hakucheza hata mechi moja ya fainali za Kombe la Dunia wala za Ulaya.

Mara ya kwanza alikaribia akiwa na miaka 19. Katika mechi za kufuzu Euro 2000 alifunga matatu katika ushindi wa 8-0 dhidi ya San Marino, na Israeli ikafika mchujo. Denmark wakawafunga 5-0 Ramat Gan, kwenye uwanja wa nyumbani wa Israeli, na 3-0 Copenhagen. Hapakuwa na cha kujadili.

Mara ya pili, ya kufuzu Kombe la Dunia la 2006, ilikuwa tofauti kabisa. Kocha alikuwa Grant, na kundi lilikuwa na Ufaransa, Uswisi na Ireland. Benayoun alifunga mawili katika sare ya 2-2 na Uswisi mwanzoni mwa kampeni. Mwezi Machi 2005, ndani ya siku nne, Israeli ilitoka sare 1-1 na Ireland na 1-1 na Ufaransa, zote Ramat Gan. Bao la kwanza lilifungwa na Abbas Suan katika dakika za nyongeza, na la pili na Walid Badir dakika za mwisho. Wote wawili ni Waarabu raia wa Israeli, na Suan alikuwa amewahi kuzomewa na baadhi ya mashabiki wa nchi hiyo hiyo aliyoiokoa. Nasema hili kwa sababu niliahidi kusema siasa zilipougusa mpira. Timu ile ya Benayoun ilikuwa na wachezaji ambao uraia wao uliwekwa mashakani kila Jumamosi, na bado kwa siku nne nchi nzima iliwategemea. Mpira haukuwatatulia shida zao. Uliwapa nafasi ya kuonekana, na waliitumia.

Israeli ilimaliza mechi kumi bila kufungwa hata moja: ushindi mara nne, sare sita, pointi 18. Ufaransa ikaongoza kwa 20. Uswisi nayo ilikuwa na 18, ikapita mbele kwa tofauti ya mabao. Hakuna safari nyingine ya kufuzu katika maisha ya Benayoun iliyomfikisha karibu hivyo. Ninapoulizwa kwa nini mchezaji mkubwa anaendelea kuitikia wito wa timu isiyofuzu, hadi miaka 37, nikimkumbuka yeye nashindwa kuona jibu la fedha au la umaarufu. Alikwenda kwa sababu alikuwa anatakiwa na kwa sababu aliamini safari ijayo itafika.

Alirudi nyumbani kiangazi cha 2014, na alirudi kwa Maccabi Haifa. Wachezaji wengi wa daraja lake husubiri mpaka magoti yamekwisha ndipo warudi kupunga mkono. Yeye alicheza misimu mitano zaidi: Haifa miwili, kisha Maccabi Tel Aviv kwa muda mfupi, Beitar Jerusalem, Maccabi Petah Tikva, na tena Beitar, mpaka alipoacha mwaka 2019 akiwa na miaka 39. Vijana waliokuwa watoto wachanga alipokuwa Be'er Sheva walikuwa wakimkaba, na kila mmoja wao aliondoka uwanjani akiwa amejifunza mahali pa kusimama.

Kuna jambo moja katika kurudi huko ambalo vitabu vya takwimu hulitaja kwa mstari mmoja. Maccabi Haifa walitwaa Kombe la Taifa mwaka 1998, kabla tu ya yeye kusajiliwa kwao akitokea timu iliyoshuka daraja. Katika miaka yake minne ya kwanza walipata ubingwa wa ligi mara mbili, lakini kombe hilo halikuja. Halikuja pia katika miaka 12 aliyokuwa Hispania na Uingereza, pamoja na mataji yote ya ligi ambayo klabu iliendelea kukusanya. Lilikuja Mei 2016, Haifa walipoifunga Maccabi Tel Aviv 1-0, na katika kikosi chao alikuwemo Yossi Benayoun, mwenye miaka 36.